Kitabu cha Mababu Kwanza

Mjini Akureyri hakuna aliyekumbuka kumwona Sigvaldi, mwalimu mkuu mstaafu, akikosea jambo. Mkesha wa Krismasi, kama ilivyo ada, alimzawadia mjukuu wake Hugrún vitabu: riwaya tano za mfululizo mmoja. Ya tano ilitungwa mwisho, lakini ilisimulia habari za mababu wa shujaa.

"Wenzangu walianza na kile kilichotoka kwanza, babu."

"Wenzako wamelelewa na nani? Kwetu mtu huulizwa kwanza ni wa ukoo gani. Anza na mababu."

"Kwani wewe umevisoma?"

"Vyote," akajibu Sigvaldi, ambaye hakuwa amefungua hata kimoja.

Hugrún akatii.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Sigvaldi alikuwa ameketi katika bwawa la maji moto. Upande wa pili, nyuma ya mvuke, mjukuu wake na wenzake walikuwa wakibishana juu ya kitabu cha nne.

"Yule nahodha alipovua barakoa nilipiga yowe, mama akaja mbio!"

"Mimi nilikitupa kitabu chini! Na wewe Hugrún, ulilia?"

"Sikulia. Nilimjua tangu mwanzo. Kitabu cha mababu kinamtaja ukurasa wa kwanza."

"Ulianza na hicho? Nani aliyekupoteza hivyo?"

Sigvaldi akajiinamia. Hugrún alimtupia jicho, kisha akasema, "Nilijiamulia mwenyewe."

"Basi umekula mbegu, shambani utapanda nini!" Wakamcheka, naye akacheka nao, kicheko kikavu.

Maji yale hayakumchoma Sigvaldi kama jibu lile la mjukuu wake. Miaka yote aliwaadhibu watoto kwa kusema uongo. Leo mtoto alikuwa amesema uongo ili kumsitiri yeye.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, alisimama njiani.

"Hugrún, sikuvisoma."

"Najua, babu. Aliyevisoma asingenipangia vile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni babu."

Mzee akatazama viatu vyake. "Basi niambie huyo nahodha ni nani. Na mimi nikose utamu niliokukosesha."

Hugrún alifungua kinywa, na Sigvaldi akajikaza kama anayengoja kiboko. Lakini msichana akatikisa kichwa.

"Hapana. Utaanza na cha kwanza, polepole, na ukifika cha nne uniite nikutazame uso."

Sigvaldi akaitikia kwa kichwa, asiweze kuyainua macho.