Kubeba Marufuku

Siku ya kwanza kuingia kwenye banda la gemu la Eustaki, pale Kizwite, nilifokewa kabla sijamaliza dakika tano. Nilikuwa nimehamishwa kutoka Mbeya kuja kufundisha shule ya msingi huku Sumbawanga, Kasense, na mwezi mzima sikuwa na mtu wa kuongea naye zaidi ya madaftari ya wanafunzi. Nikasikia vishindo vya gemu ya ngumi kutoka chumba kilichopakana na mashine ya kusaga. Nikasema, kumbe hata huku wapo wenzangu! Gemu hizo nazicheza tangu sekondari. Nikaomba pedi ya kuchezea, nikapewa, kwenye kioo mpinzani akanisogelea, nikambeba nikambwaga chini.

Banda zima lilipiga kelele. Wakanisema kwa Kiswahili, wakanisema kwa Kifipa, na niliyembwaga akaniangalia utadhani nimemtemea mate.

"Dada, hapa hatubebi," akasema Eustaki, bado amejifunika koti lake zito.

"Kwani gemu yenyewe haina kubeba?"

"Inayo. Lakini mtu akikubeba mmepigana nini? Anakukumbatia, anakutupa, anahesabiwa ameshinda. Walishawahi kuzichapa kweli humu ndani kwa sababu ya kubebana. Kubeba marufuku. Ukirudia, nje."

Niliona ni ushamba mtupu, nawaambia ukweli. Kwenye gemu hizi ngumi inakingwa, teke linakingwa, lakini mtu akikukamata akubebe, kukinga hakusaidii. Inabidi ujinasue, na kujinasua kuna namna yake. Sasa ukiondoa kubeba, umeondoa nusu ya gemu. Lakini upweke ni kitu kibaya. Kesho yake nilirudi, nikacheza wanavyocheza wao, nikajitia hamnazo.

Hapo ndipo nilipomfahamu Gaudiosa. Alikuwa na miaka ishirini, anauza dagaa wa Kasanga kwenye meza ya baba yake mdogo, na jioni akishafunga meza anakuja bandani na harufu yake ya dagaa, hakuna anayejali. Alinipa shikamoo, nikakasirika, mimi na miaka ishirini na saba! Kisha akanipiga mechi kumi na moja mfululizo. Sijawahi kuona mtu anakinga vile. Anakaa, anasubiri, unarusha kila ulichonacho, yeye anakinga tu, halafu ukikosea kidogo umekwisha. Tukawa marafiki. Yeye peke yake mji mzima alikuwa ananiuliza kama nimekula.

Akaniambia shida yake siku moja tukichagua maharage. Baba yake mdogo alikuwa amechoka kumlisha. Mahindi yakishavunwa, Gaudiosa atashushwa Ilemba, bondeni, akalime na mama yake.

"Nimelima tangu nimejua kutembea, mwalimu," alisema. "Nikishuka safari hii, sipandi tena. Najijua."

Basi mimi nikajifanya mkombozi. Rafiki yangu Lugano wa Mbeya alikuwa anafungua ukumbi wa gemu, anatafuta mtu wa kuusimamia, mwenye mkono hasa, wa kufundisha wateja. Mshahara upo, chumba cha kulala kipo. Nikamwambia ninaye. Akasema hachukui mtu kwa maneno yangu. Niandae mashindano Sumbawanga, yatangazwe, yeye aje kuangalia, na atakayeshinda ndiye atakayepata kazi. Nilicheka. Nilijua nani atashinda.

Sijawahi kuandaa hata mahafali, lakini wiki tatu nilikimbia kama kichaa. Nikapata ukumbi, nikamshawishi Eustaki alete tivii zake mbili na mashine zake za gemu, nikachora ratiba ya mechi kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nyekundu na ya bluu. Watu wakaanza kunisalimia njiani. "Mwalimu wa gemu, mambo!" Kwa mara ya kwanza tangu nihamie, nilijiona mtu.

Lugano akanitumia kanuni kwenye simu. Ya sita ilisema: mbinu zote zilizomo ndani ya gemu zinaruhusiwa.

Niliisoma nikiwa nimekaa kitandani, na nilielewa papo hapo maana yake. Ningeweza kwenda bandani jioni ile nikawaambia: jamani, kubeba kunaruhusiwa, njooni niwafundishe kujinasua. Sikwenda. Eustaki angesusa, angebaki na tivii zake, na mimi ningerudi kuwa yule mgeni aliyefokewa. Halafu nikajidanganya kwamba washiriki wote ni wa Kizwite, nani atambeba nani? Siku ya kuwasomea kanuni niliipitia ya sita haraka haraka katikati ya nyingine, nikauliza, "Kuna swali?" Hakuna aliyeuliza. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Jumamosi ile waliandikishwa watu ishirini na mbili. Wa ishirini na tatu alishuka kwenye basi la Tunduma saa nne asubuhi, kijana mpole wa kuitwa Nsajigwa. Alikuwa ameona tangazo la Lugano. Alibeba pedi yake mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki, akanishukuru kwa kumwandika. Naye alikuwa anatafuta kazi.

Mechi yake ya kwanza alimbeba mpinzani mara nne. Ukumbi ukalipuka. Eustaki akaja juu, "Mwalimu! Huyu anabeba!" Ikabidi niseme mbele ya wote kwamba kanuni zinaruhusu. Lugano alikuwa amekaa mstari wa mbele. Eustaki aliniangalia, akarudi kwenye tivii zake. Bora angenitukana.

Nilimtafuta Gaudiosa kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye benchi upande wa pili, anapuliza vidole vyake apate joto. Kati ya pale na fainali kulikuwa na saa mbili nzima. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na mashine moja na tivii yake, haitumiki. Ningemwita. Lakini Lugano ananitazama, na mwandaaji anamfundishaje mshiriki mmoja mashindano yakiwa yanaendelea? Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa ataniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikaenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Fainali walikutana yeye na Nsajigwa, kama nilivyojua wangekutana. Gaudiosa alikaa akakinga, kama kawaida yake. Nsajigwa alirusha ngumi tatu, zikakingwa zote. Akatulia kidogo. Akasogea, akambeba. Gaudiosa akasimama, akakinga. Akabebwa. Kadiri alivyokinga vizuri ndivyo alivyobebeka. Mtu mwingine ningemwambia acha kukinga, mvamie, lakini yeye ndivyo alivyojifunza, miaka mitatu kwenye chumba kisicho na kubeba, na alikuwa amejifunza kuliko wote. Watu wa Kizwite walianza kwa kuzomea, mwisho wakaanza kutoka mmoja mmoja. Tatu bila. Haikufika dakika sita.

Lugano akampa Nsajigwa mkono. Kisha akanijia mimi, akaniambia nimeandaa vizuri sana.

Ukumbi ulipobaki mtupu Gaudiosa alikuwa bado amekaa mbele ya tivii. Nikaenda nikakaa pembeni yake. Nilitaka alie, anipige, chochote.

"Ile kubebwa," akasema, "mtu anatokaje?"

Nikamwonyesha. Vitufe viwili kwa pamoja, mara tu anapokushika. Nikachukua pedi ya pili, nikambeba. Akachelewa. Nikambeba tena, akachelewa kidogo. Mara ya tatu akajinasua.

"Hivi tu?"

"Hivi tu."

Akajinasua ya nne, ya tano, ya sita. Nikajaribu kumvizia, nikarusha ngumi kwanza ndipo nishike, akajinasua vilevile. Hata sekunde moja hakuchelewa. Mimi mwenyewe ilinichukua muhula mzima kujua kufanya vile.

"Wewe ulijua tangu lini, mwalimu?"

Nikasema, "Tangu sekondari. Gaudiosa, nisamehe. Niliogopa. Nitaongea na Lugano, labda..."

"Ameshampa mtu kazi. Nimeona."

Hakuwa amegeuka kuniangalia. Vidole vilikuwa bado kwenye pedi, tayari.

"Nibebe tena," akasema.

Nikambeba, akajinasua. Nikambeba, akajinasua. Tuliendelea hivyo mpaka Eustaki alipokuja kuchomoa waya wa tivii ili aifunge kwenye blanketi, na hadi kioo kinazima sikuwa nimeweza kumwangusha tena hata mara moja.