Diski Nne za Mume Wangu

Dukani kwa fundi wa kompyuta nilimwambia mkwe wangu, "Usibonyeze kitu mpaka fundi amalize na mteja wake." Akacheka. "Mama, hii kompyuta mpya, inajua kila kitu."

Mume wangu alipopooza, ulimi ulikufa. Kwa miaka miwili alizungumza nami kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta kuukuu waliyompa kazini alipostaafu. Yeye anachapa, mimi nasoma kwenye kioo. Maneno yake yote yalijaza diski nne. Kompyuta ile iliharibika, naye akafuata. Sauti yake iliyobaki ni hizo diski.

Mashine ya fundi, kwa kuwa ni ya ukoo mwingine na ile ya mume wangu, haikuitambua diski ya kwanza. Ikauliza iiandae upya? Mkwe akabonyeza ndiyo. Ya pili, ndiyo. Ya tatu, ndiyo.

"Mama, mbona zote tupu?"

Fundi, mwanamke mpole, aligeuka akashika kichwa. "Kaka! Kuandaa upya ni kufuta!"

"Si imeuliza yenyewe?"

"Na mwizi akikuuliza aingie, utamkaribisha?" Nilimfokea mbele za watu. Ndiye anayenipeleka kliniki kila mwezi, na kabla ya siku ile sikuwahi kumpandishia sauti. "Umemzika mara ya pili! Toka kwenye hicho kiti!"

Akainuka, akaenda kusimama mlangoni. Ya nne ilikuwa imeshaingia, na ile "ndiyo" alikuwa ameshaibonyeza.

Fundi akaichomoa, akaitazama, akatabasamu. "Bibi, hii imekataa. Ona, kitufe cha pembeni kimesogezwa. Diski imefungwa, haifutiki."

Nikakumbuka. Nilimkuta mume wangu siku moja akihangaika na diski kwa meno, mkono wake mmoja haufai. Nikamkemea aache kuchezea vitu kama mtoto.

Fundi alivuta chini ya meza mashine ya zamani, ya ukoo uleule wa ile ya mume wangu, akaipangusa vumbi kwa kanga yake, akanipa kiti chake mwenyewe. Akaitia diski ya nne, maneno yakatokea:

"Leo uji umeungua tena. Mke wangu, ukikasirika husahau jiko."

Machozi yakanitoka, maandishi yakapotea machoni. Mkwe alikuwa bado mlangoni, kichwa chini.

"Wewe! Njoo unisomee," nikamwambia. Hasira ilikuwa haijaisha, wala haijaisha leo. "Soma yote, kwa sauti. Na hiyo mikono, tia mfukoni."