Tone la Verla Kwenye Barafu

Katika mji wa Kesler, Saskatchewan, kamasi wakati wa baridi si habari. Hata mchungaji huhubiri leso mkononi. Kwa hiyo pua ya Verla Boychuk ilipoanza kuvuja mwezi wa Novemba, hakuna aliyejali isipokuwa wenzake wa timu, nao walijali kwa kuicheka.

Verla alikuwa nahodha wa timu ya mawe. Mchezo wenyewe, uitwao curling, ni huu: unainama mpaka kidevu kinakaribia goti, unasukuma jiwe zito juu ya barafu, na wafagiaji wawili wanatangulia mbele yake wakiisugua barafu ili liende mbali, mpaka kwenye duara; lililo karibu zaidi na kitovu ndilo linaloshinda. Sasa kila Verla akiinama, tone lilidondoka, likaganda. Jiwe lililofuata likalikanyaga, likapinda njia.

"Nahodha, funga bomba!" alipiga kelele Trudy, mfagiaji mwenye mdomo usio na breki. "Hiyo pua imehongwa na watu wa Arden!"

Timu ya Arden ndiyo waliyokuwa wakutane nayo fainali, Jumamosi. Verla alikuwa akicheza tangu usichana na fainali hakuwahi kuiona ila kwa kuwapigia wengine makofi. Daktari wa mji alishampa dawa za aleji, za kumeza na za kupuliza. Pua ikazidi kumwaga. Mwishowe mumewe, Orest, akampeleka Saskatoon kwa Daktari Sandhu, bingwa wa masikio, pua na koo, binti mdogo kuliko mwanawe Verla wa mwisho.

"Yanatoka pande zote mbili, mama?"

"Kushoto tu."

"Yana ladha?"

"Chumvichumvi. Usiniulize nimejuaje."

Daktari akacheka. "Leso yako ikikauka, inakakamaa?"

Verla akafikiri. Leso za Orest hukakamaa mpaka unaweza kuzisimamisha mezani. Zake hukauka laini, kama hazikutumika.

Aliposema hivyo, daktari akaacha kucheka. Alimpa kichupa, akamwambia ainame kama anayesukuma jiwe. Maji yakadondoka, maangavu, hayana hata utando. Kichupa kikaenda maabara, Verla akaenda kupigwa picha ya kichwa.

Ijumaa asubuhi simu ikalia.

"Mama Verla, hayo si makamasi. Ni maji yanayouzunguka ubongo. Mfupa unaotenga pua na ubongo una tundu, dogo kama punje ya mtama. Ni nadra sana. Aliyekutibu mwanzo hana kosa kudhani ni aleji."

"Mchezo ni kesho."

"Palipo na njia ya maji kutoka, pana njia ya vijidudu kuingia. Homa ya uti wa mgongo haisubiri kombe. Tutaliziba tundu hilo Jumanne, kwa kupitia puani. Mpaka hapo usiiname, usipenge kamasi, usibebe kizito."

"Jiwe moja tu, mwanangu. La mwisho."

"La mwisho kweli linaweza kuwa, mama."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wanasema. Huku hakukuwa na usaha, na ndiyo maana mzaha ulidumu majira mazima.

Jioni aliwaeleza wenzake jikoni kwa Trudy. Kisha Trudy akauliza, "Ina maana tangu Novemba nimekuwa nafagia ubongo wako?"

"Maji yake tu, shoga."

"Aa! Ndiyo maana siku hizi naelewa hesabu."

Wakacheka mpaka birika likachemka likakauka. Trudy aliendelea kujifuta macho wenzake walipokwisha kunyamaza.

Jumamosi Verla alikaa nyuma ya kioo na Orest, shingo imesimama kama aliyebeba mtungi. Viatu vya mchezo alikuwa navyo kwenye begi; hakumwambia mtu kwa nini. Timu zilikuwa sare, jiwe la mwisho likabaki, na Gwen, aliyeshika nafasi yake, akageuka kumtazama. Mkono wa Verla ukaingia kwenye begi.

"Nikufunge kamba za viatu?" Orest aliuliza, macho makavu.

Verla alivitazama viatu. Kisha akamsukumia begi lote. "Vipeleke garini. Upesi, kabla sijabadili nia."

Gwen akainama, akaachia. Trudy alifagia mpaka kofia ikamtoka. Jiwe likapita kando, upana wa kiganja tu, la Arden likabaki karibu zaidi na kitovu.

Arden wakarukaruka. Verla akawatukana kwa lugha ya bibi yake, tusi moja baada ya jingine, hakuinamisha kichwa hata kidogo.