Miaka Kumi na Mmoja ya Nyinyi

"Svenja ana e moja, mama, si mbili," mteja alisema, na Wiebke Tietjen akaona kwamba ni kweli. Aliukwangua uji wa sukari kwa kisu, akapangusa, akaanza kuliandika jina upya juu ya moyo wa mkate wa viungo, ule wa kuvaliwa shingoni kwa kamba. Macho yake yalikuwa yamekimbilia tena upande wa kanisa kuu. Hakuna aliyekuwa akitokea huko ila baba mmoja na puto.

"Atakuja," Gesche alisema kutoka kibanda cha jirani, alikokuwa akikaanga vijiandazi na kuvimwagia sukari ya unga. "Unaharibu mikate bure."

"Simngoji mtu."

"Humngoji mtu, ila shingo imekuotea upande mmoja."

Wiebke akarudi kwenye jina lake la sukari. Alikuwa na hasira tangu asubuhi, na aliyemkasirisha zaidi ni yeye mwenyewe. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Freimarkt, gulio la Oktoba ambalo watu wa Bremen hulifanya kisingizio cha kila kitu. Umechelewa kazini, si ni Freimarkt! Umekula soseji sita, si ni Freimarkt! Hata Roland wa jiwe, sanamu ya shujaa anayeulinda uwanja ule miaka mia sita sasa, alikuwa amevishwa moyo wa mkate kifuani. Kila mtu alikuwa na ruhusa ya kufanya ujinga, na Wiebke peke yake hakuwa ameufanya ule aliokuwa akiutaka kwa miaka kumi na mmoja.

Jambo lenyewe ukilisema kwa sauti ni dogo la kuchekesha. Alitaka Eilert Harjes, msimamizi wa masoko ya jiji, amwite wewe.

Kwa lugha yao, mtu usiyemzoea humwiti wewe. Unamsemesha kama vile amekuja na ukoo wake mzima, mmeamkaje, mnaendeleaje, ingawa amesimama peke yake na mwavuli wake. Wewe ni ya mume, ya mtoto, ya mbwa na ya Mungu. Kutoka nyinyi kwenda wewe kuna mlango, na mlango huo hausukumwi hivi hivi. Sharti mmoja amfungulie mwenzake, ataje jina lake la kwanza, wapeane mikono. Na mwenye kufungua, kama Wiebke alivyofundishwa na mama yake, ni yule aliyezaliwa kwanza. Harjes alimzidi miaka mitano. Basi akangoja.

Alingoja wakati wa Pasaka, kwenye uwanja wa bembea nyuma ya stesheni, Harjes alipopita na utepe wake kupima kama kibanda kimevuka mstari. Alingoja wakati wa kiangazi kando ya mto Weser, watu wamevua viatu na kucheza muziki nyasini. Alingoja Desemba, mvuke wa divai ya moto ukimpanda usoni. Januari moja walikutana hata bila ya kazi, katika umati uliokuja kutazama kama mto umeganda, siku ile ya mwaka ambapo, kwa mchezo wa zamani wa dau, fundi cherehani mwembamba, pasi ya moto mkononi, hujaribu kuuvuka. Walisimama bega kwa bega saa nzima.

"Mnasikia baridi, Bibi Tietjen?"

"Kidogo, Bwana Harjes. Na nyinyi?"

"Kidogo."

Fundi akavushwa kwa mashua, kama kawaida, na kila mtu akaenda kwake. Misimu yote minne jiji zima lilikuwa likistarehe, na Wiebke akirudi nyumbani na nyinyi yake.

Na sasa Harjes alikuwa anastaafu. Huu ulikuwa mzunguko wake wa mwisho. Jumatano angehamia kusini kwa dada yake, karibu na mpaka wa Uswisi, mwendo wa siku nzima kwa treni.

"Mwambie basi wewe," Gesche alisema wateja walipopungua. "Una mdomo."

"Yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye anayeanza."

Gesche aliacha kijiko ndani ya mafuta. "Nani kakwambia?"

"Mama."

"Mamako alikuwa anasema habari za wajomba! Kati ya mwanamke na mwanamume anayeanza ni mwanamke. Marehemu Johann wangu alinisubiri miaka miwili. Alikonda, maskini. Nikadhani ana minyoo."

Wiebke aliuweka chini mfuko wa kukamulia sukari. Alimfikiria Harjes, mtu anayepima mbao kwa milimita na kuomba radhi ikizidi moja. Mtu kama huyo hawezi kumtangulia mwanamke mlangoni hata nyumba ikiungua.

"Kwa hiyo na yeye..."

"Na yeye anangoja. Mnanikumbusha wale wageni wanaoomba bahati kwa ile sanamu ya punda wa shaba na kuushika mguu mmoja badala ya miwili. Sisi wenyeji husema, punda kampa punda mkono."

Gesche alicheka peke yake. Wiebke alitamani kukitupa kitu, lakini kila kilichokuwa karibu naye kilikuwa cha kuliwa. Alimkasirikia mama yake kaburini, akamkasirikia Harjes, akaikasirikia adabu yenyewe. Halafu akajifuta mikono na kuifanyia mazoezi kimoyomoyo sentensi moja fupi. Mimi ni Wiebke. Harjes angefika tu, angeambiwa.

Alifika saa tisa, na hakuwa peke yake. Pembeni yake alitembea mwanamke kijana mwenye koti la manjano, akitafuna lozi za kukaangwa.

"Hujambo!" kijana alisema, mkono tayari umeshavuka meza. "Naitwa Nilgün, mimi ndiye ninayeshika nafasi yake. Tuitane wewe tu, au siyo?"

"Sawa," Wiebke alisema kwa mazoea ya biashara. "Mimi ni Wiebke."

Wakapeana mikono. Mambo yalikuwa yamekwisha kabla lozi haijamezwa. Hapo ndipo Wiebke alipogundua kwamba sentensi yake imetumika, na imetumika kwa mtu mwingine, mbele ya Harjes. Yeye Harjes alikuwa akivitazama viatu vyake.

"Naona mmeshazoeana," alisema.

"Vijana wana haraka, Bwana Harjes."

"Kweli. Wana haraka."

Nilgün alihamia kwa Gesche kuonja vijiandazi. Harjes akautoa utepe, akaipima meza ya Wiebke kwa mara ya mwisho, akaukunja, akakohoa.

"Bibi Tietjen, sijawahi kununua moyo. Mnaweza kuniandikia mmoja?"

"Mnataka niwaandikieni nini?"

"Yale ya kawaida tu."

Wote wawili wakainua macho. Yale ya kawaida yalikuwa yananing'inia juu yao kwa kamba. Nakupenda. Wewe ni wangu. Kwako, kipanya changu. Wewe, wewe, wewe, kibanda kizima. Hakukuwa na moyo hata mmoja uliosema nyinyi, maana nani angeuvaa? Harjes aliyasoma kwa zamu, akawa mwekundu.

"Au... andikeni tarehe," alisema. "Tarehe inatosha."

"Tarehe," Wiebke alirudia. Angeweza kumpiga kwa huo moyo.

Badala yake alichukua moyo mkubwa, akampa mgongo. Alikuwa ameandika majina ya nusu ya watoto wa jiji lile, na hili hakuwahi kuliandika hata siku moja. Herufi ya kwanza ikatoka nene. Aliandika Wiebke, akaacha hapo. Hakuweka ua wala tarehe.

"Sukari haijakauka," alisema akimkabidhi. "Muubebe sawasawa, isimwagike."

Harjes aliupokea kwa viganja viwili. Alisoma. Akakunja uso kama alivyokuwa akifanya vipimo vinapokataa.

"Lakini hili," alisema, "ni jina lako."

Lako! Hakusikia mwenyewe alichosema. Wiebke alisikia, na Gesche pia, maana mafuta yake yalikuwa yakiungua na hakuyajali. Kisha Harjes naye akasikia, na wekundu ukampanda toka kwenye kola hadi masikioni.

"Samahani. Samahani sana, Bibi Tietjen. Nilitaka kusema jina lenu."

"Usilirudishe!" Wiebke alipiga kelele hata watu wakageuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaonea haya. "Miaka kumi na mmoja naingoja hiyo lako, na wewe unaifuta?"

Harjes aliushika moyo kwa uangalifu zaidi. "Mimi ndiye niliyekuwa nawangoja nyinyi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanamke ndiye..."

"Najua. Nimejua leo mchana."

Manyunyu yalianza. Watu walikimbilia chini ya mapaa ya turubai, lakini Harjes hakukimbia. Aliinama juu ya moyo, sukari isiloe, maji yakimdondokea kisogoni. Wiebke alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wake juu ya meza, wenye sukari hadi kiwikoni, nao ulikuwa unalowa. Harjes aliutazama, akaitazama mikono yake miwili iliyojaa, akatazama huku na huku pa kuuweka moyo ule, asipaone. Akafungua mdomo aseme jina lake mwenyewe la kwanza.