Bomba la Mlango wa Kulia

Mwaka wa kwanza majirani walimwuliza Lucius Pettway gari litaisha lini. Mwaka wa tatu waliuliza huku wanacheka. Ulipofika mwaka wa saba hakuna aliyeuliza tena, swali lenyewe lilikuwa limeshachakaa. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa, mwezi wa Julai, na gari lilikuwa limeisha.

Lilikuwa Chevelle ya mwaka 1970, au tuseme ndivyo lilivyozaliwa. Alilinunua kwa mjane mmoja huko Flint, majani yameota sakafuni, na tangu siku ile hakuna kitu alichokiacha kama alivyokikuta. Injini aliing'oa akaweka nyingine changa, yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani, na juu yake akafunga mtambo wa kusukuma hewa, mkubwa kiasi kwamba boneti ilibidi itobolewe ili mtambo upate pa kutokezea. Giaboksi mpya, breki mpya, shokapu mpya. Sakafu ya nyuma aliikata akaipanua ili matairi mapana kama magunia yaenee chini ya madigadi. Rangi alipuliza mwenyewe humo humo gereji, buluu iliyokolea, na wiki tatu nzima mkewe alilalamika kwamba hata mboga za jikoni zinanuka thina.

Ndani ya gari alijenga kizimba. Uwanja wa mbio za magari hauna masihara na gari linalomaliza robo maili chini ya sekunde kumi: bila kizimba cha mabomba ya chuma, huingii. Lucius aliyakunja mabomba yale kwa mikono yake na kuyachomelea moja moja, pamoja na bomba la mshazari kwenye kila mlango, linaloshuka kutoka bega la kiti hadi mbele karibu na goti. Mwezi wa Mei mkaguzi alikuja, akapima, akagongagonga, akabandika stika ndogo nyuma ya kiti cha dereva. Lucius aliipiga picha stika ile kama watu wanavyopiga picha wajukuu, akamwonyesha kila aliyekubali kutazama, na wachache waliokataa. Septemba angekimbia kwa mara ya kwanza.

Lakini kabla ya Septemba kuna Agosti, na Agosti Detroit yote humwagika barabara ya Woodward kutazama magari ya zamani yakipita. Kwa miaka minane Lucius na mkewe Ernestine walikwenda na viti vyao viwili vya kukunja, wakakaa pale pale mbele ya duka la donati, na kuku wa kukaanga kwenye mfuko na limau baridi kwenye chupa. Lucius alitoa kasoro magari ya wenzake. Ernestine alitazama wanawake waliokaa ndani ya magari, wamefunga vitambaa kichwani, wanapunga mikono. Kila mwaka, wakikunja viti, alisema neno moja.

"Mwakani tutakuwa ndani, siyo nje?"

"Mwakani, Tina," Lucius alijibu, kwa jina alilomwita mkewe wakiwa wawili.

Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kukitaka kutoka kwa gari lile. Hakutaka kujua lina nguvu za farasi wangapi.

Machi mwaka huo Ernestine alitiwa nyonga ya bandia. Alipona vizuri, ila daktari alimpa masharti: asiiname sana, asikunje mguu goti likavuka kiuno, asirukeruke. Alitembea na fimbo aliyoichukia. Siku moja ya Julai, baada ya chakula cha mchana, alivaa viatu vyake vyeupe na kitambaa cha manjano alichokinunua mahsusi, akateremka gereji.

"Bwana Pettway," alisema. Alimwita hivyo akiwa na furaha, au Lucius akiwa na kesi, na ilibidi umtazame macho ujue ni lipi. "Nionyeshe kiti changu."

Lucius alifungua mlango wa kulia, upande wa abiria, kwa mikono miwili, kwa kuunyanyua, maana ulikuwa umelegea na ulikuwa na tabia ya kukwaruza chini. Kisha wote wawili wakatazama ndani. Bomba lilikuwa pale, limekatiza mlangoni, nene, limenyooka, limechomelewa kwa ufundi kweli kweli. Lucius alikuwa ameliona kila siku kwa miaka miwili. Siku hiyo ndipo alipoliona.

"Lucius. Napitaje hapa?"

"Unainua mguu, unaupitisha juu, halafu unajitupa."

"Najitupa."

"Siyo kujitupa kabisa. Unajitelezesha."

"Hili bomba linanifika kiunoni. Ulipokuwa unalichomelea ulidhani nani atakaa hapa? Sungura?"

Alijaribu hata hivyo. Alitanguliza makalio, akaning'inia kwenye paa, Lucius akamshika chini ya makwapa, fimbo ikaanguka, kitambaa kikamziba macho. Wakaishia nusu ndani nusu nje, wanatweta kama wanyanyua mizigo, mpaka Ernestine akaanza kucheka. Alicheka machozi yakamtoka, Lucius naye akacheka. Halafu kicheko kikamwisha Ernestine kwanza.

"Basi," alisema, akijirekebisha nguo. "Usijali. Nenda tu. Nitakaa pale pale petu, ukipita nitakupungia."

Asubuhi yake Lucius alikuta kiti cha kukunja kimefutwa vumbi na kuegeshwa karibu na mlango wa jikoni. Kilikuwa kimoja.

Alikunywa kahawa yake amesimama, akakitazama kile kiti, akashindwa kumaliza kikombe.

Rafiki yake Odell Crump wa nyumba ya tatu alikuja saa nne, kama kawaida yake, kula vitu vya watu na kutoa ushauri. Odell alistaafu kwenye lori la mikate, lakini kwa magari alijiona profesa. Lucius alimweleza.

"Ukilikata hilo bomba, stika kwaheri," Odell alisema. "Na mkaguzi hana nafasi mpaka mwakani. Septemba ndiyo basi tena."

"Najua."

"Mweke nyuma."

"Nyuma kuna tangi la mafuta, Odell. Unalijua. Ulinisaidia kulifunga."

"Basi si amesema atapunga? Mwache apunge. Mtu mwenyewe hajalia."

Lucius alimtazama mpaka Odell akaitafuta kofia yake, akakumbuka ana miadi mahali.

Mchana Lucius alichukua chaki, akachora alama mbili kwenye bomba la kulia, moja juu na moja chini. Alivaa miwani ya kazi, akawasha mashine ya kukatia, akaipeleka kwenye alama ya chini. Cheche zilirukia viatu vyake. Alipofika kama nusu ya unene, mashine ilizimika. Aligeuka. Ernestine alikuwa amesimama ukutani, waya wa umeme mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nalitoa."

"Lote?"

"Lote."

"Na stika yako?"

"Stika haijanipikia hata siku moja."

Ernestine karibu atabasamu, akajizuia. "Na gari likipinduka, mimi nimo ndani?"

Hilo Lucius hakuwa amelifikiria. Alifikiria kiti kimoja tu kilichoegeshwa jikoni.

"Mtu mzima hovyo," Ernestine alisema, lakini kwa sauti ya chini. "Unaniondolea kinga ili nipate pa kupitia."

"Sasa nifanyeje?"

Ernestine aliuweka waya chini, akavuta kigoda cha mafundi, akakikalia polepole, mguu mbaya mbele, fimbo magotini.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hilo swali. Sijawahi kulisikia humu ndani."

"Nifanyeje, Ernestine?"

"Mlango nao ni chuma," alisema, "mbona unafunguka? Kata ncha zote mbili. Mbele tia bawaba, nyuma tia pini nene ya kuchomoa. Nikitaka kuingia, bomba linafunguka kama lango. Nikishakaa, unalirudisha, unatia pini, limekuwa bomba tena. Na hiyo bawaba usiisimamishe wima kabisa. Ilaze kidogo kwa ndani, bomba litajirudia lenyewe, hutalisukuma. Nipe hiyo chaki."

Alimpa. Ernestine alichora pale pale kwenye sakafu ya saruji, haraka, bila kufuta, kama mtu anayeandika jina lake. Lucius alitazama ule mkono. Mwanamke huyu alikuwa amefunga milango ya magari kiwandani kwa miaka ishirini na tisa. Milango mia nne kwa zamu. Yeye Lucius alikuwa upande wa injini, jengo jingine, na siku zote walirudi nyumbani wakiongelea msimamizi na chakula na watoto. Hakuwahi kumwuliza mlango unafungwaje.

"Na huu wenyewe," Ernestine aliendelea, akiunyooshea fimbo mlango wa kulia, "bawaba ya chini imeshuka. Nausikia nikiwa jikoni kila ukiubamiza. Tangu mwaka wa pili nausikia."

"Mwaka wa pili! Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulimwuliza Odell. Mtu wa mikate."

Lucius aliona aibu, na haikuwa aibu ya kuchekea. Miaka tisa alidhani mkewe hapendi gari. Alidhani gereji ni yake na jiko ni la mkewe, na kwamba anamfanyia hisani kutomchosha na habari za vyuma. Alikaa sakafuni karibu na kigoda, akavua miwani, akasema, "Nisamehe, Tina." Ernestine alimpangusa vumbi la chuma kwenye nyusi kwa ncha ya kitambaa chake cha manjano, kitambaa kipya, na hilo lilimwambia Lucius alichotaka kujua.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko nyingi walizowahi kuwa nazo. Lucius alikata, akatoboa, akachomelea, na Ernestine alikaa kwenye kigoda na glasi ya chai ya barafu, akiamrisha. Alikuwa mkali. "Hapana. Rudia." "Bado nasikia." "Usiubembeleze, unyanyue kwa jeki na kipande cha ubao, hivyo, sasa legeza bolti." Odell alipopita akaanza sentensi na neno "Mimi ningekuwa," Ernestine alimwuliza bei ya mkate siku hizi, naye Odell akatokomea.

Bomba lilipofunguka na kujirudia lenyewe, Lucius alilifungua na kulifunga mara kumi na mbili kama mtoto. Kisha wakahamia kwenye mlango. Mwishowe Ernestine alisimama, akatoa noti ya dola moja mfukoni, akaibana kati ya mlango na fremu, akaivuta kupima kama mlango unabana. Ilitoka bila shida. "Bado." Wakasogeza bawaba unene wa kucha. Akajaribu juu, katikati, chini. Mara ya tano noti ilikataa kutoka, ikakaa pale imebanwa. Aliufungua mlango, akaurudisha kwa kidole kimoja, ukafunga kwa mlio mdogo, laini. Ernestine alifumba macho.

"Huo," alisema. "Huo ndio mlango."

Stika Lucius aliibandua mwenyewe. Bomba limeshaguswa, mkaguzi itabidi aje upya, na mbio za Septemba zimekwisha kabla hazijaanza. Alijua zitamwuma, zikamwuma kweli kama siku mbili hivi. Ernestine aliokota vipande vya stika akavibandika kwenye mlango wa friji, karibu na picha za wajukuu.

Jumamosi ya Agosti jua liliamka kali. Lucius alitandika mfuko wa plastiki wa dukani juu ya kiti, kama mtu wa mazoezi ya viungo alivyowafundisha hospitali. Ernestine aliketi kwa kinyumenyume, akateleza, akageuka na miguu yake ikaingia yote miwili, taratibu, bila goti kuvuka kiuno. Bomba likajirudia. Lucius akatia pini. Kabla ya kuondoka mkewe alimwita Odell pembeni ya dirisha, akamnong'oneza kitu, na Odell akaenda zake kuelekea mlango wa jikoni.

Woodward ilikuwa imejaa pande zote mbili. Gari lililojengwa kumaliza robo maili ndani ya sekunde tisa lilikwenda mwendo wa bibi harusi, injini inanguruma kwa kujizuia, watu wanapiga mayowe na kunyoosha simu. Lucius hakutoa kasoro gari la mtu yeyote. Ernestine alikuwa na kitambaa kichwani, kiwiko dirishani, anapunga kushoto na kulia kama mtu aliyepigiwa kura.

Walipokaribia duka la donati alimgusa mkono. "Punguza."

"Nikipunguza zaidi litazimika."

"Punguza, Lucius."

Pale pao pa siku zote, kwenye ukingo wa barabara, kilikuwepo kiti kimoja cha kukunja, kimefunguliwa, hakina mtu. Odell alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, akiwazuia watu wasikikalie, na mdomoni ana paja la kuku. Ernestine aliinua mkono, akakipungia kile kiti kwa heshima zote, akaendelea kupunga mpaka kikabaki nyuma yao.

"Unampungia nani?" Lucius aliuliza.

"Yule mama aliyekaa pale kila mwaka," Ernestine alisema. "Nilimwahidi."

Ernestine alimpapasa goti, akaweka kiwiko chake tena dirishani.

"Haya, Bwana Pettway. Sasa kanyaga kidogo, wasikie."