Mluzi wa New Site

Kifaa cha kusikilizia cha Ayak kilianza kupiga mluzi mvua zilipoanza, mwaka wa pili tangu yeye na bibi yake warudi mtaa wa New Site, Juba, kutoka Nakuru. Mluzi mwembamba, fiii, kama wa mtu anayemwita mbwa wake kwa siri. Ayak mwenyewe hakuusikia. Aliujua kwa jinsi watu walivyogeuza shingo.

"Nyamazisha hiyo kitu!" Habuba, ndivyo alivyomwita bibi yake, alifoka. "Anayepiga mluzi nyumbani anaita nyoka. Wewe umelelewa Kenya, lakini nyoka wa hapa hawakwenda Kenya."

Basi kuku wa jirani wakaanza kupotea. Asiyeamini akamuulize Erifazi, aliyerudi kutoka Uganda na kuku wa kukanyagana: mvua hazijafika katikati, kabaki na jogoo mmoja, naye kahamia juu ya bati, hashuki hata kwa mahindi.

"Mama, mimi iko nalala na panga," Erifazi alimwambia Habuba, akichungulia juu ya ua. "Hii mtoto yako naita kitu. Kitu kubwa."

Habuba akaapa palepale: kifaa kikilia tena, kitakwenda kulala chini ya Nile. Na bila kifaa, Ayak alijua, shule imekwisha; mwalimu angebaki mdomo tu, unafunguka na kufungwa kama wa samaki.

Akamkokota Habuba hadi mtaa wa Thongpiny, kwenye kliniki ya masikio ya Babirye, fundi kutoka Kampala. Babirye akachungulia sikio, akacheka.

"Binti, hii plastiki ya sikioni ulitengenezewa ukiwa mdogo. Sikio limekua, plastiki imebaki vilevile. Sauti inavuja pembeni, inarudi kwenye kifaa, ndiyo inapiga mluzi. Si uliambiwa upimwe kila baada ya miezi sita? Ulikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunajenga," Habuba akamjibia. "Kwa hiyo si nyoka?"

"Si nyoka, mama. Ni kukua."

Plastiki mpya ilipokuwa tayari, wakarudi kuichukua. Kifaa kikatulia tuli. Babirye akakirekebisha ili Ayak apate zile sauti nyembamba zilizokuwa zikimpita, kisha akamwonya: ukikivua, toa betri, kipanguse jasho kwa kitambaa kikavu, kilaze koponi, maana unyevu wa mvua hukiua.

Habuba alifika nyumbani anaimba. Leo asida, ugali wa mtama! Akabeba ungo akaelekea nyuma ya nyumba, kwenye kihenge cha mtama, kilichosimama juu ya miguu yake minne, kofia ya nyasi kichwani. Hakikuwa kimefunguliwa tangu mvua zianze.

Ayak alikuwa nyuma yake aliposikia. Fiii.

Akashika sikio. Kifaa kimetulia. Mluzi ulitoka mbele.

"Habuba, usifungue! Kuna mluzi!"

Habuba akageuka, uso umemwiva. "Nausikia! Yule fundi wako ametudanganya." Akanyoosha kiganja. "Lete. Niliapa."

"Si hiki, Habuba, wallahi si hiki!"

"Lete!"

Mkono wake wa pili ulikuwa tayari umeshika kofia ya nyasi. Hapakuwa na nafasi ya kubishana. Ayak akakivua kifaa, akafungua kijimlango chake, akatoa betri kama alivyofundishwa, akaweka vyote viwili kiganjani mwa Habuba, kimoja huku, kingine kule.

Dunia ikafunga.

Akamwona jogoo wa Erifazi juu ya bati, mbawa zimetanuka, mdomo wazi, bila sauti. Akamwona Habuba anatazama betri, kisha kifaa. Anakipeleka sikioni mwake mwenyewe. Anasubiri. Kisha shingo yake ikageukia kihenge.

Polepole, polepole mno, Habuba akaanza kuuondoa mkono juu ya kihenge.

Na kofia ya nyasi ikainuka, ikaufuata.