Waliouawa Darajani

Jioni ya Ijumaa Nyasuguta alikuwa akizoa omena wake, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikauka kwenye neti, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, pale askari wa kwanza alipopita chini ya ua wa boma. Urefu wake ulikuwa kama wa kijiko cha chai. Alivua kofia ya chuma, akapangusa viatu kwenye gunia la mlangoni, akapiga hodi.

"Karibu," Nyasuguta akasema. "Paka huyo asikutishe, ameshiba."

Wenzake wakaja nyuma yake wakichechemea, wananuka moshi. Mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, kwa hiyo aliwapakulia githeri ya mahindi na maharagwe kwenye vifuniko vya chupa, maana sahani zingewameza. Walipokwisha kunawa ndipo akauliza wametoka wapi.

"Kwa Beverlyne," yule wa kwanza akajibu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha redioni. "Tumeuawa leo, darajani."

Beverlyne, mjukuu wa Nyasuguta, alikuwa chumbani na simu. Alicheza mchezo wa majeshi, yeye akiwa Homa Bay, mpinzani wake Migori, na ukungu umefunika ramani yote ili mtu asijue mwenzake amejificha wapi. Akimshinda Omanga wa Migori, ataingia timu ya kwenda Nairobi. Tangu amalize shule hajatamani kitu kingine. Sasa alikuwa ameshindwa tena.

"Dani, huyo Omanga ananiona," akasema. Alikulia kati ya watoto wa Kijaluo, na nyanya kwake alikuwa dani. "Anaona ndani ya ukungu. Ni mwizi tu."

"Anaona," askari akakubali. "Sisi wenyewe tulikuwa hatuonani. Yeye alikuja moja kwa moja, kama mtu anayeenda choo cha kwao."

"Kwani ukungu ni wa nani?" Nyasuguta akauliza.

"Wa mchezo, dani."

"Na yeye ameufunua na nini?"

"Na programu."

Nyasuguta akageuza hilo kichwani, halikukaa upande wowote, akaliacha.

Jumapili Beverlyne akatega mtego. Alificha askari mmoja nyuma ya jiwe, mbali kabisa, mahali pasipo na kitu cha kulinda. Jeshi lote la Omanga likaacha daraja, likaenda kwenye jiwe hilo. Yule askari alifika nyumbani jioni akiwa na mshale mgongoni. Nyasuguta akamlaza kwenye leso, akauchomoa kwa kucha.

Beverlyne akampigia refa wa mashindano, simu ikiwa kwenye spika.

"Umejuaje anaona?" refa akauliza.

"Nimemtega. Na askari wangu wenyewe wameniambia. Wako hapa, wanakula."

Refa hakushangaa. Walimsikia akifungua kurasa. "Wamekuambia jeshi la mwenzako lilipita wapi?"

"Wameniambia."

"Basi unapata habari za mchezo kutoka nje ya mchezo. Huo ndio udanganyifu wenyewe. Nimekutoa."

"Na Omanga?"

"Omanga hana askari nyumbani. Nimemuuliza."

Nyasuguta akasogelea simu. "Baba, hawa wamekufa. Sasa maiti anadanganya aje?"

"Sheria haijataja kufa, mama," refa akasema kwa upole, akakata.

Omanga akaenda Nairobi. Beverlyne akaitia simu kwenye kopo la majani ya chai, akafunika. Askari wakabaki, huwafukuza kunguru kwenye omena, na siku ya Sabato hupumzika kama watu wengine.

Wiki iliyopita, Nyasuguta akipepeta mtama, wakapita wengine chini ya ua. Hawa walivaa kijani.

"Hodi. Sisi ni askari wa Mokeira, anayechezea Rongo. Tumeuawa darajani. Tumeambiwa hapa ndipo pa kushtaki."

Nyasuguta akamtazama Beverlyne. Beverlyne akatazama lile kopo.

"Nani amewaambia?" Nyasuguta akauliza.

"Kila anayekufa anaambiwa."

Nyasuguta akaweka ungo chini. Akaenda kutafuta vifuniko vya chupa.

"Kuleni kwanza," akasema.